Umuryango Ulioachwa Wazi

Diski ilifika Dodoma kwa basi, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga na kuzikwa ndani ya ndoo ya dagaa wa Kigoma. Aliyeituma ni binti wa mwalimu mstaafu aliyekuwa mama mwenye nyumba wangu. Kwenye simu alinieleza kwa kifupi: "Mama alisema kompyuta ikifa, diski yake ni ya kwako. Na dagaa usiwape jirani." Nilicheka, halafu nikalia, maana hayo ya dagaa yalikuwa maneno ya marehemu mwenyewe na binti aliyasema kwa sauti ya mama yake.

Wiki mbili nzima nilikula dagaa na diski sikuigusa. Mimi ni mtu wa kompyuta kwa kazi, nashika diski za watu kila siku, lakini hiyo iliniogopesha. Ndani yake kulikuwa na maneno ya Kiha aliyoyakusanya mwalimu yule kwa miaka, na mimi ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kuyafuta.

Nilipangiwa kazi Kigoma nikiwa bado mbichi, cheti kimekauka wino juzi tu. Kwetu ni Tanga. Ndugu zangu waliposikia walinipa pole kana kwamba nimefiwa. "Wamekupeleka mwisho wa reli," shangazi alisema, na nikaingia Kigoma na sentensi hiyo mdomoni. Nilipata chumba cha uani Katubuka kwa mwalimu huyo, na jioni ya kwanza tu, nikitafuta la kuongea, nikamwambia sikuwahi kufikiri nitaishi mwisho wa reli.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mwisho kwa nani?" akauliza. "Sisi tukipanda treni, tunaipanda hapa ikiwa inaanza."

Ndivyo alivyokuwa. Mwembamba, mrefu, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na ulimi wa kumnyoosha mtu bila kupaza sauti. Alizaliwa Kagunga, kule ziwani karibu na mpaka wa Burundi, akafundisha shule za msingi hadi akastaafu. Mimi nilimwita Mwalimu. Yeye aliniita mgeni. Asubuhi nikimsalimu "Shikamoo, Mwalimu," alijibu "Marahaba, mgeni, umeamka?" Nilidhani ni neno la wiki ya kwanza, kumbe lilikuwa limeshakuwa jina langu, na sikulipenda.

Kazi yake ya uzeeni ilikuwa ni hayo maneno. Alisema watoto wa mjini wanakielewa Kiha lakini wanakijibu kwa Kiswahili, na siku moja hata kukielewa kutakwisha. Kila neno aliliandikia maana kwa Kiswahili na mfano wa sentensi. Mwanzo aliandika kwenye madaftari, mchwa wakayala yote sandukuni, ndipo binti yake alipomletea kompyuta ya mezani iliyokwishatumika. Nilipoikuta ilikuwa imejaa virusi vya kila flashi ya Kigoma, folda zinajificha zenyewe. Nikaisafisha, nikaiwekea mfumo endeshi wa Linux, na nikamtengenezea programu ndogo ya kuandikia maneno yake. Kila ilipofunguka iliandika kwenye kioo: "Mwakeye, Mwalimu." Ni salamu ya Kiha ya asubuhi, na ndilo neno pekee la Kiha nililokuwa nalijua. Alinisahihishia mambo mengine yote kwenye programu ile, ila salamu aliiacha.

Nikiri kwamba nilikuwa na majivuno. Kiswahili changu kilikuwa cha Tanga, na nilikuwa na tabia mbaya ya kuwasahihisha watu sokoni. Mwalimu alinivumilia, halafu siku moja akanionyesha samaki wawili kwenye beseni, akaniuliza majina. Nikasema samaki. "Huyu mgebuka, huyu kuhe," akasema. "Kiswahili chako kitamu, mgeni, ila hakijawahi kuoga ziwa hili."

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Baada ya mwaka mmoja nilitaka kuiboresha ile programu. Kuigusa inayofanya kazi niliogopa, na kompyuta nyingine ya majaribio sikuwa nayo. Ipo njia ya kufanya kazi hiyo ndani ya mashine ileile, na nilikuwa nimeisoma sana bila kuifanya. Katika mfumo endeshi wa aina ile, kila faili na kila folda hutoka kwenye mzizi mmoja. Ukiwa ndani ya folda unaweza kupanda juu, na juu tena, hadi ufike kwenye mzizi. Hapo ukisema nipande zaidi, mashine inakuacha palepale. Lakini kuna amri inayoweza kuichukua programu na kuiambia kwamba kuanzia sasa mzizi wako ni folda hii hapa. Programu haibishi. Itatafuta kila kitu humo humo, na kisichokuwemo, kwake hakipo. Amri inaitwa chroot, nasi mafundi tunaitamka chiruti.

Nikaenda kumwomba ruhusa. "Mwalimu," nikasema, "nataka kubadilisha mzizi kwenye kompyuta yako."

Akashusha miwani. "Mgeni, maneno hayo uyaseme polepole. Huko kwenu mmeshamaliza kutusema kwamba Kigoma tunarogana. Leo majirani wasikie wewe ndiye umeniletea mizizi ndani ya nyumba?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Neno chiruti, akasema, linasikika kama jina la mtu wa Kasulu. Alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mwalimu na alipenda kufundishwa. "Kwa hiyo hiyo programu inadanganywa," akasema.

"Haidanganywi, Mwalimu. Inahamishwa tu."

"Kama wewe na barua yako ya uhamisho."

Akaruhusu. Nikajenga chumba kidogo ndani ya mashine yake, nikaweka humo kila ambacho programu ingekihitaji, nikabadilisha mzizi, nikaingia. Ilikuwa raha, nakwambia. Unaweza kuvunja, kubomoa, kujaribu, na nyumba kubwa nje haijui lolote. Kwa majaribio ya kwanza nilichukua vitenzi tu, nikavinakili kwenye flashi yangu na kuviingiza chumbani. Vilikwenda vizuri. Nikatamani kuijaribu programu na maneno yote, lakini uvivu ukanishika wa kunakili tena. Nikafanya kitu cha haraka. Nilifungua mlango kati ya chumba na nyumba, yaani niliiambia mashine iionyeshe folda ya Mwalimu mle chumbani. Haikuwa nakala. Ilikuwa folda yake ileile ikionekana kutoka pande mbili.

Mwalimu alikuwa ameketi pembeni akimenya ndizi. "Umefanya nini hapo?"

"Nimefungua mlango ili maneno yaonekane ndani."

"Sisi mlango tunasema umuryango," akasema. "Na ukoo pia ni umuryango. Neno ni lilelile. Watu waliotoka mlango mmoja." Akatafakari kama mtu anayeonja chumvi. "Sijui kama nimeliandika vizuri. Nitalirudia."

Ilikuwa Jumapili mchana nilipomaliza. Programu mpya ilifanya kazi, nikaihamishia kwenye nyumba kubwa, na chumba cha majaribio sikukihitaji tena. Nikatoka ndani yake, nikaandika amri ya kufuta chumba na vyote vilivyomo. Nilikuwa naimba wimbo wa kwaya ya jirani uliokuwa unasikika dirishani. Amri ikaenda, ikaenda, halafu mwishoni ikagoma. Mashine ikaniambia kuna folda moja haiwezi kuondolewa kwa sababu inatumika.

Nikasoma jina la folda hiyo, nikaacha kuimba. Ilikuwa ule mlango. Sikuwa nimeufunga. Amri yangu ilipita chumbani ikifuta, ikaufikia mlango ukiwa wazi, ikaingia nyumba kubwa ikafuta kila kilichokuwa upande wa pili, kisha ikarudi na kushindwa kuondoa fremu tu. Mlango ulibaki, waliokuwa ndani walikwisha.

Nakala nyingine haikuwepo. Nilikuwa nimejiahidi kila mwezi kwamba nitaitengeneza.

Nilihangaika siku mbili na programu za kufufua mafaili. Nilipata vipande vya nyimbo na picha ya harusi ya watu nisiowajua, labda wenye kompyuta wa zamani. Neno la Mwalimu hata moja sikulipata. Kilichobaki ni vile vitenzi kwenye flashi yangu, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nililofanya, maana majina ya vitu katika Kiha karibu yote huanza na irabu. Umuntu ni mtu, inzu ni nyumba, amazi ni maji. Kila herufi ilikuwa na faili lake, na mafaili ya A, I na U ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote, na ndiyo yaliyokwenda. Tulikuwa na kulima bila shamba na kuzaa bila mtoto.

Siku ya tatu nilimkuta uani anatoa matumbo ya migebuka. Na hapa lazima niseme ukweli, ingawa unaniaibisha hadi leo. Nilianza na uongo.

"Mwalimu, maneno yamepotea," nikasema. "Ni umeme."

Akanitazama. "Umeme gani? Tangu wiki iliyopita haujakatika. Nashangaa hata mimi."

Nikakosa pa kujificha. "Si umeme," nikasema. "Niliacha mlango wazi." Nikamweleza yote, huku nimeshika mikono nyuma kama mtoto wa darasa la tatu. Sikulia, nilijizuia, kwa sababu niliona kulia mbele yake kungekuwa kumwomba yeye ndiye anibembeleze.

Alinawa mikono, akabeba beseni lake, akaingia ndani. Siku tatu zilizofuata aliitikia shikamoo yangu kwa marahaba kavu, bila mgeni, bila kuniuliza kama nimeamka. Hapo ndipo nilipotambua kwamba lile jina nililokuwa nalichukia lilikuwa limenikaa mwilini. Nilianza kufikiria kutafuta chumba kwingine. Nilifikiria hata kuomba uhamisho, nirudi kwetu nikawe mtu asiyejulikana amefuta nini.

Siku ya nne aligonga mlango wangu. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. "Vitenzi vipo?"

"Vipo, Mwalimu."

"Basi tunaanza na tulichonacho. Jumamosi uamke mapema, mgeni. Tunakwenda Katonga kutafuta majina."

Katonga ni mwalo, ufuko mitumbwi inaposhusha samaki, mbele kidogo ya mji, na asubuhi wanawake huwa wengi pale kuliko nyavu. Mwalimu aliwajua karibu wote, nusu yao aliwahi kuwachapa fimbo darasani. Alinikalisha juu ya kreti lililopinduliwa, laptopu magotini ndani ya mfuko wa plastiki ili maji yasiirukie, naye akawa anashika kitu kimoja kimoja na kuuliza. Hiki mnakiitaje? Na sehemu hii ya mtumbwi? Na dagaa aliyekauka nusu? Wanawake walibishana. Wa Ujiji alisema hivi, aliyetoka milimani akasema hivyo, na Mwalimu akaniagiza niandike yote mawili na nisithubutu kumsahihisha mtu. "Leo wewe ndiye mwanafunzi," aliniambia mbele yao, nao wakacheka kwa furaha kubwa, kwa sababu ni mimi niliyewahi kuwasahihisha bei za "semanini" kuwa "themanini".

Tulikwenda Jumamosi nyingi, sikuzihesabu. Safari moja tulipanda boti hadi Kagunga kwao, akatafute maneno ya uvuvi ambayo aliyasikia kwa baba yake tu. Nilitapika njia nzima. Mimi mtoto wa bahari, nikashindwa na ziwa, na Mwalimu alinishika kipaji cha uso huku akiwasimulia abiria kwamba huyu ni wa Tanga, anatoka kwenye maji makubwa. Safari ile siikumbuki kwa taabu yake, nakumbuka mkono wake. Ulikuwa unanuka vitunguu na ulikuwa wa baridi.

Kama ningeulizwa ni lini nilikuwa na furaha kamili, ningejibu ni miezi ile. Ni jambo la ajabu kusema, kwa sababu ilikuwa ni adhabu. Lakini nilijua kila Jumamosi ninakwenda wapi na nani ananisubiri na viatu vya kutokea. Mlangoni mwa kila nyumba ya Katubuka niliyopita nilisalimiwa "Mwakeye," na nikaitikia bila kukosea, wala sikukumbuka tena kwamba niko mwisho wa kitu chochote.

Irabu U tuliifikia mwishoni. Siku ya umuryango tulikuwa barazani. Alinisomea maana ya kwanza, mlango. Maana ya pili, watu wa ukoo mmoja. Kisha akafika kwenye mfano wa sentensi, akakohoa kidogo.

"Andika: Mgeni aliacha umuryango wazi."

Nikaacha kuchapa. "Mwalimu, jamani."

"Ni mfano mzuri. Unaonyesha matumizi." Aliniangalia juu ya miwani bila kutabasamu. "Andika, mgeni."

Nikaandika. Hata baadaye nilimwomba mara kadhaa aubadilishe, akakataa. Alisema kamusi isiyo na ukweli ni makaratasi tu. Basi kila nilipofungua faili la U kutengeneza nakala, na sasa nilitengeneza nakala kila Ijumaa kama sala, nililikuta kosa langu pale limeandikwa kwa mkono wangu.

Barua ya uhamisho ilikuja miaka michache baadaye. Dodoma, makao makuu, cheo kimepanda kidogo. Shangazi alipiga vigelegele kwenye simu, "Hatimaye wamekutoa huko." Mimi nilikaa na barua ile mfukoni siku nne kabla ya kumwonyesha Mwalimu. Aliisoma yote hadi mhuri, akasahihisha koma moja kwa kalamu, akanirudishia. Alhamisi ya safari hakuja stesheni, alisema magoti. Alinipa ndoo ya dagaa na kuniambia nisiwape majirani, kwa sababu watu wa Dodoma hawajui kuwapika. Nilikaa kwenye treni dirishani nikisubiri iondoke, na nikakumbuka swali lake la jioni ya kwanza. Kweli ilikuwa inaanza pale.

Kwa miaka tuliyokaa mbali alinipigia simu mara kwa mara, hasa kuuliza kuhusu programu. "Mgeni, umeamka? Hii mashine yako imenigomea." Mara ya mwisho sauti ilikuwa imepungua sana na hakuwa na tatizo lolote na mashine. Alitaka tu kujua kama huko kuna mvua. Alipofariki nilikuwa kwenye mafunzo ya kazi, ruhusa ikachelewa, na nilipoipata walikuwa wameshazika. Sikujisamehe kwa hilo na wala sijaribu.

Kwa hiyo ile diski. Jumamosi moja asubuhi nilijilazimisha, nikaichomeka kwenye laptopu yangu. Mafaili yalikuwepo, lakini programu niliyomtengenezea ilikuwa ya zamani mno, mfumo wangu mpya ulikataa kuifungua. Ilibidi kufanya kitu kilekile. Nikachukua diski nzima ya Mwalimu nikaifanya kuwa mzizi. Niliandika amri ile fupi herufi moja moja. Nikauliza niko wapi, na mashine ikanijibu kwa mstari mmoja ulioinama, yaani uko mwanzo kabisa, juu ya hapa hakuna kitu.

Nikafungua programu. Kioo kikaandika: "Mwakeye, Mwalimu."

Nilikaa nikiitazama salamu ile muda mrefu. Programu haikujua kwamba iko Dodoma. Haikujua kwamba aliyekuwa akisalimiwa hayupo. Kwake kulikuwa na Katubuka tu, na Mwalimu ameamka, na miwani yenye uzi inasogea karibu na kioo. Nililia vizuri, nikanawa uso, nikarudi.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye U. Nilitaka kuliona kosa langu, sijui kwa nini, labda kwa sababu lilikuwa kitu changu pekee mle ndani. Umuryango. Kwanza, mlango. Pili, watu wa ukoo mmoja. Kisha mfano, na mfano haukuwa ule niliouandika.

"Mwanetu aliacha umuryango wazi. Hatujaufunga."

Niliusoma mara mbili, kisha nikatazama chini yake, ambapo programu yangu huandika siku neno liliporekebishwa mara ya mwisho. Ilikuwa ile Alhamisi niliyopanda treni. Miaka yote ile kwenye simu aliendelea kuniita mgeni, nami nikaendelea kuitika.